Mbwa Wawili wa Mkaguzi wa Mizani

Mume wangu alikagua mizani kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumbuki siku aliyokata shauri kabla ya saa sita mchana. Simsengenyi. Haya ninayoyaandika nimemwambia usoni, tena kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kusogea ukutani ili waisikie.

Kazi yake ilikuwa kuingia dukani au ghalani na kasha lake la mawe ya shaba, kuyapanga juu ya mizani ya mwenye mali, na kutazama kama mshale unasema kweli. Jibu la kwanza alikuwa haliamini. Anapima, anaandika, anayatoa mawe, anafuta sahani kwa kitambaa, anapima upya, halafu anarudia tena. Wauza nafaka walimbandika jina la Bwana Mara Tatu. Mimi nilikuwa mmoja wao, maana nilikuwa nauza katika duka la shangazi yangu alipokuja kutukagua. Alirudi mara tatu ndani ya mwezi mmoja, shangazi akadhani tumeharibikiwa, akawa hali wala halali. Kumbe mtu anakuja kunitazama mimi! Na bado ilimchukua miaka minne kufungua mdomo. Siku aliyofungua, alitoa leso ajifute jasho, ikadondoka pamoja nayo karatasi yenye safu mbili, sababu za kunioa na sababu za kutonioa. Mpaka leo hajaniambia safu ya pili iliandikwa nini.

Wakati yeye anahangaika na mawe yake, mimi nilikuwa na kondoo. Walianza wawili, nilipewa na mama mzazi, wakazaana mpaka thelathini. Kwa miaka ishirini na kitu, kila siku saa mbili asubuhi, nimewapeleka kwenye mteremko ulio nyuma ya tanuri la matofali na kuwarudisha saa kumi jioni. Nawajua hata kwa kukohoa kwao. Si kazi ya kujivunia mbele za watu, lakini ilikuwa yangu, na kule mteremkoni ndiko mahali pekee ambapo hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina uhakika.

Mwaka aliostaafu ndio mwaka tulioanza kuvamiwa. Machimbo ya kokoto yalifungwa, walinzi wakaenda zao, mbwa wao wakaachwa. Hao mbwa wakazaana, wakawa kundi la saba au nane lisilomwogopa mtu. Mwezi wa kwanza walinichukulia wanakondoo wawili. Mwezi wa tatu wakaangusha majike wawili wakubwa mchana kweupe, mimi nimesimama pale pale na fimbo yangu. Wakabaki ishirini na sita. Nilipiga hesabu, nikaona kwa mwendo ule baada ya miaka miwili nitakuwa nachunga mawe.

Binti yetu, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyetupa habari za muuguzi mmoja mstaafu ng'ambo ya reli. Huyu mama alikuwa anafuga mbwa wa kondoo wa aina mbili ambazo huzipati kirahisi. Aliachiwa na mgeni mmoja aliyehama, na ukiuliza nani mwingine anao, unatajiwa watu wawili au watatu, nao wako mbali.

Hapo ndipo nilipokosea. Mume wangu alikuwa na miezi mitatu tangu aage kazini. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akakaa mezani, akagonga ubao kwa vidole mpaka chakula cha mchana. Roho ikaniuma. Nikamwambia, "Mzee, la mbwa nakuachia wewe. Nenda kachague."

Ulimi wangu huu.

Tulikwenda wote. Muuguzi alitupokea uani na mabuti yake ya mpira, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Alikuwa amebakiwa na watoto wawili wa wiki nane, mmoja wa kila aina.

Wa aina ya kwanza alikuwa na manyoya marefu yanayoshikana vipande vipande, ukimwangalia kwa nyuma ungedhani mkeka uliochakaa umeota miguu. Huyu, muuguzi alisema, ni mswagaji. Akikua ataenda kulia ukimwambia kulia, ataleta kondoo aliyepotea, ataingiza kundi zizini wakati wewe umesimama mlangoni. Anamtazama bwana wake machoni kutwa nzima. Kupigana hawezi.

Wa aina ya pili alikuwa mweupe mchafu, kichwa kikubwa, miguu minene, amelala zake kivulini. Huyu ni mlinzi. Hatumwi wala hafundishwi. Analelewa na kondoo tangu mdogo, anajiona ni wao, na chochote kinachowasogelea kinamkuta yeye kwanza. "Huyu anaamua mwenyewe," muuguzi akasema. "Hakuulizi."

Nilimwona mume wangu anakunja uso.

Mimi nilikuwa na jibu langu pale pale uani. Kondoo wanauawa, lete mlinzi, tumemaliza. Lakini nilikuwa nimeshamwachia, naye alikuwa ameshafungua daftari. Aliuliza wanakula kiasi gani, wanalala saa ngapi, wanaishi miaka mingapi kwa wastani. Aliuliza kama huyo mswagaji asingefaa zaidi kwa kuwa mimi magoti yangu si ya kuaminika tena. Aliuliza mpaka muuguzi akashika kiuno.

"Baba, chukueni wote wawili," akasema. "Nawapa wiki tatu, mmoja mtanirudishia. Ila nisikilizeni vizuri. Huyu mkubwa alale na kondoo kuanzia leo. Asibebwe, asichezewe, asitie mguu ndani ya nyumba. Akizoea watu kwanza, mmempoteza. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia."

"Na wewe, baba?"

"Nimeandika," mume wangu akajibu. Kweli aliandika, na akapiga mstari chini yake kwa rula.

Tulipofika nyumbani akawaweka wote wawili sebuleni.

"Mzee," nikamwambia, "huyu anatakiwa zizini."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nawalinganisha. Huwezi kupima mmoja zizini na mwingine sebuleni halafu useme umepima. Mazingira lazima yawe sawa. Chakula sawa, joto sawa, sakafu sawa. La sivyo unapima sebule, hupimi mbwa."

"Lakini muuguzi kasema..."

"Muuguzi anauza, mama. Kila muuzaji ana la kusema juu ya mizani yake."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Thelathini na mmoja ni miaka mingi. Alishawashika matapeli wangapi kwa ubishi huo huo, na kila mmoja wao alikuwa na maelezo mazuri.

Hata majina hakuwapa. Alisema jina ni upendeleo. Akawaita Wa Kwanza na Wa Pili, akachora safu mbili daftarini, na nyumba yangu ikageuka ofisi. Asubuhi aliwapima uzito. Saa nne aliangusha kifuniko cha sufuria jikoni na kuandika nani ameshtuka. Mchana alijificha nyuma ya mlango kuona nani anamtafuta. Wa Kwanza alikimbia huku na huko akilia. Wa Pili aliinuka polepole, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akalala na mgongo wake umegusa ubao. Mume wangu alipotoka alikuwa anatabasamu, na mimi sikumbuki mara ya mwisho kumwona akitabasamu kabla ya chakula.

Wiki tatu zikawa tano. Muuguzi alipiga simu, akaombwa siku kumi. Binti yetu alipiga simu, akaniuliza, "Mama, si umchukue tu mmoja umpeleke zizini? Kwani ni mbwa wa baba?"

Nilijaribu, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Alasiri moja, yeye akiwa bafuni, nilimbeba Wa Pili nikampeleka kwa kondoo. Alikuwa mzito kama gunia la unga. Kondoo wakajikusanya pembeni wakimkodolea macho, naye akawakodolea, halafu akaja kukaa kwenye lango, akaielekeza pua nyumbani na kuanza kulia. Sijamaliza hata kufunga kamba ya lango, mume wangu huyo, taulo shingoni, povu la sabuni sikioni.

"Unafanya nini?"

"Ninachotakiwa kufanya tangu mwezi uliopita."

"Umevuruga wiki nzima! Sasa Wa Pili ameonja zizi na Wa Kwanza hajaonja. Nitaanza upya."

"Anza upya! Mimi nikianza upya na kondoo nitaanzia wapi?"

Alimchukua mbwa wake, akarudi ndani. Nilibaki zizini nikiwa na hasira za kupasua jiwe, na nilichofanya ni kuchota maji na kujaza hori, kwa sababu maji ya kondoo hayangoji mtu apoe.

Wiki ya saba, siku ya Alhamisi, mbwa koko walikuja saa nne na nusu. Niliwaona wakishuka kutoka upande wa machimboni, wametawanyika, kimya. Nilipiga kelele, nikarusha mawe, nikakimbia kuwakinga wenye mimba. Mguu ukaingia kati ya mawe mawili, goti likasema ka! nikaanguka kifudifudi. Nikiwa pale chini nikawaona wakimtenga mmoja. Alikuwa yule niliyemlea jikoni kwa chupa mwaka ambao mama yake alikufa, aliyekuwa akinifuata hata chooni. Alikuwa akikimbia kuja kwangu, na nusura afike.

Wafyatua matofali walisikia kelele zangu, wakaja na mashepe, wakawafukuza. Ndio walionirudisha nyumbani, wawili wamenishika makwapani na mmoja anaswaga kundi langu lililobaki, halijui pa kwenda. Ishirini na tano.

Nilimkuta mume wangu amepiga magoti sebuleni na futi ya fundi cherehani, anapima mruko. Daftari liko wazi kwenye kiti. Alinitazama, akatazama damu kwenye gauni, akauliza, "Wangapi?"

Sijui kwa nini swali hilo ndilo lililonimaliza. Labda kwa sababu lilikuwa la namba.

Nilisema yote. Nilimwambia miaka thelathini na mmoja amekuwa akiwakagua wengine kwa sababu anaogopa kuwa na mizani yake mwenyewe. Nilimwambia niliolewa nikiwa na miaka ishirini na sita wakati ningeolewa nikiwa na ishirini na mbili. Nilimwambia yule kondoo alikuwa anakuja kwangu, na mimi nilikuwa chini, na mbwa wa kumsaidia alikuwa amelala kwenye zulia anapimwa mkia. Wafyatua matofali walitoka nje mmoja mmoja bila kuaga.

Aliketi sakafuni, akaanza kuikunja ile futi, akaikunja na kuikunja.

"Nikishachagua," akasema, "kesho nitaamka nifanye nini?"

Ningependa kusema nilimhurumia. Sikumhurumia hata kidogo. Goti lilikuwa linawaka moto, na nilichokiona ni kwamba mtu huyu alijua. Tangu wiki ya kwanza alijua jibu, akaliweka mfukoni kwa sababu kuuliza kulikuwa kunampa cha kufanya. Kondoo wangu walikuwa wanakufa ili yeye awe na shughuli.

"Mpigie muuguzi," nikamwambia. "Leo. Sasa hivi, mbele yangu."

Muuguzi alikuja kesho yake na mabuti yale yale. Alimtazama Wa Kwanza, akamfunga kamba, hana neno naye. Kisha akamwendea Wa Pili, aliyekuwa amelala miguuni pa mume wangu chini ya meza. Akamwomba mume wangu atoke uani. Mbwa akainuka, akatoka. Akamwomba arudi ndani. Mbwa akarudi. Akanyoosha mkono kama anataka kumshika mume wangu bega, na yule mtoto wa miezi mitatu na ushee akaingia katikati, akasimama.

Muuguzi alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Mama, nikuambie ukweli. Huyu ni mlinzi, na analinda vizuri sana. Analinda huyu mzee. Kondoo kwake ni kama kuku wa jirani."

"Hawezi kugeuzwa?"

"Angepelekwa wiki ya kwanza, sawa. Sasa hivi, mimi sikudanganyi. Na watoto wengine sitapata mpaka mwakani, nao wameshaombwa."

Mume wangu alifungua daftari, akalifunga.

Mimi nilikuwa nimelaza mguu juu ya mto, goti limevimba, daktari ameshasema mteremko niusahau kwa mwaka mzima. Nilimtazama mbwa, nikamtazama mume. Nilikata shauri kwa muda usiotosha kumeza mate.

"Basi ni rahisi," nikasema. "Mbwa hatoki ulipo wewe. Kwa hiyo wewe utakuwa walipo kondoo."

"Mimi?"

"Kuna mzee mwingine humu?"

"Mama, mimi sijui kuchunga."

"Kaandike."

Miezi ya mwanzo hawakwenda mbali. Kondoo walikula kwenye kiwanja cha nyuma, kwa majani tuliyoyakata, na yeye alikaa katikati yao kwenye kiti cha kukunja, kofia kichwani, mbwa ubavuni. Mimi nilitoa maagizo dirishani. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Usimwache yule ale hayo, yatamvimbisha! Huyo anachechemea, huoni? Alinijibu, "Una uhakika?" na nilitamani kumrushia kikombe.

Mbwa alipofikisha miezi kumi alikuwa ananifika kiunoni, na wakaanza kupanda mteremkoni. Wafyatua matofali ndio walionisimulia siku mbwa koko waliporudi. Mume wangu hakuinuka kwenye kiti, nadhani kwa hofu. Mbwa alisogea hatua kumi mbele yake, akabweka kwa sauti ya chini, hakukimbia wala hakufukuza mtu. Wale saba wakasimama. Mbwa mmoja mwekundu akajaribu kuzunguka, akakutwa huko huko, akarudi anakokota mguu. Kondoo nao waliona ni wapi pasipofika meno, na kuanzia siku hiyo wakawa wanakula kukizunguka kile kiti. Hajafa hata mmoja tangu hapo. Wamezaa, wamefika thelathini na wawili, hesabu ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuifikia. Nawaambia watu hivyo, na watu wanampongeza yeye.

Mwaka ulipotimia daktari aliniruhusu. Sikumwambia mtu. Nilipika mapema, nikachukua fimbo yangu, nikapanda polepole, nikipumzika mara mbili njiani. Niliwaona kutoka mbali, weupe na weusi, wametapakaa kwenye majani, na kofia yake katikati. Niliweka mkono mdomoni nikawaita kwa ule mlio wangu, ambao kwa miaka ishirini na kitu haukuwahi kurudi bure.

Watatu waliinua vichwa. Wakanitazama, wakarudi kwenye majani.

Nilipozidi kusogea mbwa aliinuka. Hakunibwekea, ananijua, mimi ndiye ninayempa chakula. Alikuja tu akasimama kati yangu na kundi, akanitazama kwa upole, na kila nilipohamia upande huu naye akahamia upande huo.

"Mwache," mume wangu akaita kutoka kitini. "Huyo ni mama. Mwache apite."

Akaniacha nipite kwenye kondoo wangu. Nilikaa kwenye majani kwa muda, nikasema goti linauma, nikashuka.

Jioni hiyo alirudi saa kumi kamili. Alifunga zizi, akanawa, akaja kukaa mbele yangu na uso unaong'aa kwa jua.

"Unajua," akasema, "yule mwenye sikio lililochanika? Nimemchunguza. Mvua ikikaribia, kabla hata ya wingu, yeye ndiye anayegeuka kurudi, na wenzake wanamfuata. Nimeona mara tatu."

Yule kondoo nilimtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono yangu hii, amekaa vibaya, nusura tuwapoteze wote wawili. Sikio alichanwa na waya, nikamshona mimi. Amenirudisha nyumbani kabla ya mvua miaka sita.

"Sikujua," nikamwambia.

Akavuta kiti karibu, akaanza kunieleza.